Saa Iliyokataa Kulala Chali

Asubuhi ile niliondoka Ihanja bila kujua naenda wapi. Lori la ngozi lilikuwa limesimama barabarani, nikapanda. Mfukoni nilikuwa na saa ya mnyororo ya marehemu baba, aliyeitumia alipokuwa kibarua wa reli. Sikuwa na kitu chake kingine, na siku hizo kila nikilala, nayo ilisimama. Njia nzima mkono wangu haukutoka mfukoni.

Manyoni, kwenye baraza la duka la Mhindi, nilimkuta fundi saa anakula karanga.

"Mzee, hii nzima, au nimebeba maiti?"

"Shikamoo kwanza, maiti baadaye."

Nikamwamkia. Akanisogezea karanga, akaifungua saa mgongoni. Nikamwuliza hiki nini, kile nini, mpaka akanionyesha gurudumu dogo linalokwenda na kurudi. Likizunguka kwa upana, alisema, saa ina afya; likitikisika tu, ni mgonjwa. Akaishika wima: likazunguka vizuri. Akaigeuza kichwa chini: vizuri. Kisha akailaza chali juu ya kitambaa. Mzunguko ukapungua, ukapungua tena, likasimama. Niliacha kutafuna.

"Kamani inayoisukuma nzima, meno mazima," alisema. "Mhimili wa hili gurudumu umelika ncha moja, ile unayoiegemea saa ikilazwa chali. Iache, niagize mwingine Dar es Salaam."

"Utafika lini?"

"Siku utakapofika. Kaa hapa, lima mtama."

Ng'ambo ya duka treni ya Tabora ilipiga honi. Vitu nilivyowahi kuviacha nyuma nikisema nitavirudia, sikukirudia hata kimoja.

"Nisipoiacha?"

"Isimamishe wima, itakwenda. Lakini ncha itazidi kulika, na siku moja hata wima itakataa."

Nikaipokea.

"Kimbia basi," alisema. "Una miguu ya mbuzi wewe."

Nilishuka Itigi jioni, kwa sababu tu sikuwahi kufika. Mama mmoja mjane alikuwa na chumba cha uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkeka upo, maji yamo mtungini. Unataka nini tena?"

"Msumari."

"Wa kutundika nini, na koti lenyewe huna?"

Nikamwonyesha saa. Akacheka, akang'oa msumari mlangoni, akaugongomea kwenye nguzo kwa jiwe. Nikaitundika, nikasogeza sikio.

"Inakwenda?" akauliza, jiwe bado mkononi.

"Inakwenda."