Firigisi ya Mheshimiwa

Si kweli kwamba Milcah Awinja alimwandalia kiongozi wa chama kuku asiye na firigisi. Uvumi huo unazunguka Navakholo tangu mumewe, marehemu Protus Shikanga, aliposhindwa ubunge katika uchaguzi mkuu, na Milcah, mwalimu mkuu mstaafu, hakubali ukoo wa Shikanga uitwe wachoyo kwa sababu ya mdomo wa jirani yake Khalayi.

Firigisi ilikuwepo. Aliiweka kwa mkono wake juu ya nyama, ndicho kipande cha mgeni wa heshima. Miwa ilikuwa ikilipa siku hizo za kampeni. Majogoo waliochinjwa walikuwa wanene, na trela za miwa zilioshwa zikaleta watu hadi uwanjani. Shikanga alipendwa mno. Wanawake walimbeba juu juu wakicheza ngoma ya isukuti mpaka kiatu chake kimoja kikapotea.

Kasoro ilikuwa kiongozi wa chama chake. Aliwahi kusema redioni kwamba wakulima wa miwa hulala tu wakingoja mmea ujilime, na hakuna aliyemsamehe. Milcah alitumaini kwamba mlo ule ungewapatanisha. Mgeni akaitazama firigisi, akaisukuma kwa kidole hadi kwenye sahani ya dereva wake.

“Kula wewe,” alisema. “Mimi sili matumbo.”

Wazee wakaacha kutafuna. Shikanga akakohoa hadi machozi yakamtoka. Milcah hakujua kama ni ugali au kicheko. Kabla mheshimiwa hajanawa, habari ilishafika uwanjani na ngoma zilishapata wimbo: achaguliwe dereva. Kiongozi, asiyejua Kiluhya, aliucheza kwa bidii huku akipunga mkono.

Kura zilipohesabiwa, chama kilikuwa kimeanguka nchi nzima, na Shikanga pamoja nacho. Watu walikuja kumpa pole kwa furaha tele, wakamaliza kuku waliobaki.

“Wewe tunakupenda, baba,” mkata miwa Wangila alimwambia, akimkumbatia. “Lakini tukikupa wewe, tumempa na yule.”

Shikanga alicheka, akamwongezea chai.

Majuzi, baada ya ibada, Khalayi alianza tena habari za kuku. Milcah akaeleza yote haya mbele ya akina mama, kwa sauti ya darasani, hata wakashika mbavu. Khalayi alipomaliza kucheka akamuuliza, kwa upole kabisa, kama yeye mwenyewe, mama wa nyumba, alimpigia mumewe kura.

“Hilo sisemi,” Milcah akajibu, akachukua mkoba wake. “Wala msiniulize tena.”