Picha ya Kwenye Kamba za Nguo

Mwenye studio ya picha aliyeniajiri mtaani Komarock, Nairobi, miaka ya tisini alikuwa na sheria moja: picha ya nje ipigwe mjini bustanini, mbele ya maua, mtu akitazama jua. Mtaa wetu usionekane hata kidogo.

Mwanamitindo wangu wa kwanza alikuwa jirani, fundi cherehani aliyetaka kuonyesha gauni alilolishona mwenyewe. Bustanini nilimsimamisha akitazama jua kama nilivyofundishwa. Alikunja uso, machozi yakamtoka.

"Dada, sioni kitu," akasema.

Nikapandwa na hasira. Sheria gani hii ya kumfanya mrembo aonekane kama anayemeza dawa chungu?

Nikamrudisha mtaani, nyuma ya nyumba zetu, kwenye kamba za nguo. Nikamgeuza, akalipa jua mgongo. Mbele yake zilianikwa shuka nyeupe za mama mmoja, na mwanga wa jua ukagonga hapo ukamrudia usoni, ngozi yake nyeusi ikang'aa. Nyuma yake nguo za watoto zilikuwa zikipepea. Sikumwambia atabasamu. Nilimwambia anieleze alivyoikata ile kola, na alipokolea kwenye maelezo, nikabonyeza.

Picha ilipooshwa, bosi aliitazama akasonya.

"Kamba za nguo? Kila mtu atajua ni huku kwetu!"

"Wajue," nikamwambia.

Nikaibandika mwenyewe kwenye dirisha la studio, juu ya picha zake zote za maua.