Ushungi wa Siku ya Kutoka Eda

Asubuhi ya kutolewa eda, Mwalimu Faidha aliwasha pasi ya mkaa, akatandika blanketi juu ya meza ya sebuleni na kunyoosha ushungi mweupe mpaka ukalala bapa kama karatasi. Haukuwa wake. Alimpigia pasi binti yake Yasmini, aliyekuwa njiani kutoka Masasi.

Nje ukungu wa Newala ulikuwa haujapanda, na harufu ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho ilikuwa imeingia hadi ndani. Tangu mumewe Salmini azikwe, Faidha alikuwa hajalia. Mwanzoni wanawake walimsifu kwa subira, kisha wakaacha kumsifu na kuanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Yeye mwenyewe hakuiita subira. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unaugusa, lakini habari haifiki. Alikula alipoletewa chakula, aliswali saa zilipofika, aliitikia salamu. Basi.

Jambo moja tu lilikuwa bado linamfikia, nalo ni jina la nyumba. Alizaliwa Chiwata kwa baba mkulima wa korosho, akasoma ualimu, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu hapa Newala. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwona kichwa wazi nje ya mlango wake. Watoto wa shule waliuona ushungi wake ukitokeza kwenye ukungu kabla hawajauona uso, na kelele zikakatika darasa kwa darasa. Alijivunia hilo kuliko cheti chochote. Na leo wifi yake Bi Sijaona, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa anakuja kutoka Lupaso pamoja na wanawake wa ukoo kumtoa eda. Watakayoyaona hapa ndiyo yatakayosemwa huko kwa miaka.

Yasmini alifika na basi la kwanza. Gauni lake lilikuwa refu, mikono imefika viganjani, hakuna wa kulitia kasoro. Kichwani alikuwa amesuka mtindo wa twende kilioni, na hakuwa na kitu juu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ushungi wako upo kitandani."

"Nimeuona."

"Basi?"

Yasmini aliweka mkoba chini taratibu. "Mama, nitahudumia, nitakaa chini, nitapiga magoti kwa kila mtu. Kichwa sitafunika."

"Kwenye maziko ya baba yako ulijifunika."

"Nilikuwa najificha nilie."

"Leo ni saa chache tu. Shangazi yako atakuja, atakula, ataondoka. Unashindwa kunisitiri saa chache?"

"Ni wewe uliyenifundisha, mama. Ulisema ushungi ni ahadi mtu anayoitoa mbele ya Mungu, si kitambaa cha kuvaliwa wageni. Mimi ahadi hiyo nimeacha kuitoa. Sasa nikiuvaa leo, namwambia nani uongo?"

Faidha alimtazama. Alijua kwamba wakati mwingine angepandisha sauti, angelia, angeapa. Alitafuta hasira asiione. "Haya," alisema, "nenda ukamsaidie Mama Anderson jikoni."

Mama Anderson ndiye Winfrida, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mkatoliki, rika moja na Yasmini. Alikuwa uani tangu alfajiri akisimamia sufuria la pilau. Yeye kila alipokuja kwenye shughuli za nyumba hii alijitanda kichwa bila kuombwa, kama alivyojifunga kitambaa kila Jumapili kanisani.

"Dada wa mjini!" alipiga kelele alipomwona Yasmini. "Umekuja kutuonyesha mitindo, au umekuja kuosha masufuria?"

"Nimekuja kuonja nyama kabla hujaimaliza."

"Onja haraka, mikono yangu ina tamaa."

Hawakukaa sana kabla kitambaa cha Winfrida hakijateleza na kutumbukia kwenye beseni la maji ya mchele. Alikikamua, akakitazama, akacheka. "Siwezi kukaa mbele ya wifi wa Mwalimu nikiwa hivi. Wewe umesuka. Mimi kichwani nina matuta ya mihogo."

"Kuna ushungi kitandani kwangu, umepigwa pasi," Yasmini alisema. "Vaa wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Bi Sijaona aliposhikwa mkono na kuingizwa sebuleni, wanawake wa Lupaso wakimfuata na vikapu vyao, Winfrida ndiye aliyempigia magoti kwa maji ya kunawa, ushungi mweupe umemkaa vizuri usoni. Bi Sijaona alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa umbo la mavazi. Yasmini alimwona mara ya mwisho akiwa mtoto, na wakati wa maziko bibi huyo alikuwa kitandani, mgonjwa. Wanawake aliofuatana nao walikuwa wa Lupaso, hawakuwahi kumjua binti huyo ukubwani.

Bibi alinyoosha mkono, akapapasa kitambaa, akaisikia pasi yake.

"Huyu ndiye Yasmini," alisema. "Mashallah. Wifi, nilisikia maneno kutoka Masasi. Eti mtoto wa Salmini anatembea kichwa wazi sokoni. Nikawaambia, nyumba ya Mwalimu? Hata siku moja! Leo nitawarudishia maneno yao."

Winfrida alifungua mdomo, akamgeukia Faidha.

Faidha hakusema kitu. Kusema kweli hakuamua kunyamaza. Neno halikuja tu, na nafasi ya kulisema ikapita, na kimya chake kikageuka jibu.

Yasmini aliingia na sinia la vikombe. Bibi aliuona ule weusi wa nywele, akauinulia kidevu. "Na huyu binti? Wa kanisani hapo jirani?"

Vikombe viligongana kidogo. Yasmini alimtazama mama yake kwa kipindi kirefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Ndiyo, bibi," alisema. "Mimi ni jirani."

Alisema bibi. Hakusema shangazi.

"Karibu sana. Sisi hatubagui. Msiba hauna dini."

"Asante," Yasmini akasema, akaanza kugawa vikombe.

Faidha aliyaona yote hayo kama mtu anayetazama kupitia dirishani. Jina la nyumba lilikuwa salama. Alingoja kusikia nafuu. Nayo haikuja.

Kwa desturi ya ukoo wa Salmini, mjane akishaoga hukalishwa chini kwenye mkeka, na binti yake wa kwanza humvua shuka jeupe la eda na kumfunga ushungi mpya. Kabla ya hapo mkubwa wa ukoo huweka mkono juu ya kichwa cha binti na kumwombea, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki badala ya baba. Faidha alikaa kwenye mkeka, maji ya kuoga bado yakimteleza shingoni. Winfrida alisukumwa mbele na wanawake wa Lupaso.

"Mwalimu," alinong'ona, "hii si kazi yangu. Sema nao."

"Sogea, mwanangu, usione haya," Bi Sijaona alisema. Akaweka kiganja juu ya ushungi uliopigwa pasi. Wanawake wakainua mikono. "Ewe Mola, huyu ni Yasmini binti Salmini. Baba yake umemchukua. Basi wewe uwe mlinzi wake, umfungulie riziki, umuepushe na..."

Yasmini alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu. Naye alikuwa ameinua mkono mmoja, ule usioshika sinia.

"Wifi, ngoja," Faidha alisema.

Sauti ilikuwa ileile aliyotumia kumsahihisha mtoto aliyekosea hesabu ubaoni. "Dua hiyo umeiweka juu ya kichwa cha mtu mwingine. Huyu ni Mama Anderson, jirani yetu. Mwanangu ni yule mlangoni, aliye kichwa wazi."

Bi Sijaona aliondoa mkono polepole.

"Kwa hiyo maneno ya Masasi ni kweli."

"Ni kweli."

"Na mimi nilipokosea, ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Nimekosa. Lakini dua ya baba yake haitampita mwanangu ndani ya nyumba hii nikiwa nimekaa natazama."

Bibi hakumwita Yasmini asogee, wala hakuunyoosha mkono tena. Aliinua viganja hapo hapo alipokaa, akaianza dua upya toka mwanzo, akamtaja Yasmini binti Salmini kwa jina lake lote, akaimaliza bila kuruka neno. Wanawake wakaitikia amina. Kisha akasema kichwa kinamuuma, pilau wafungiwe wakale nyumbani.

Wakafungiwa. Waliaga kwa adabu, na hakuna aliyecheka. Winfrida alirudi uani, akaanza kusugua sufuria kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Faidha alikuwa bado mkekani. Yasmini alikuja akapiga magoti nyuma yake, akalifungua shuka la eda, akalikunja. Kutoka mkobani mwake alitoa ushungi mpya wa rangi ya kijani ya zabarajadi, aliomnunulia mama yake Masasi.

"Watasema," Faidha alisema.

"Watasema, mama."

"Na mimi sijakubali. Usidhani nimekubali."

"Najua."

Vidole vya Yasmini vilipita chini ya kidevu, vikavuta kitambaa kushoto, vikakirudisha kulia, vile vile alivyofundishwa utotoni na mwanamke huyu. Alichukua pini. Ncha ikateleza.

"Nimekuchoma?"

Faidha aliisikiliza habari ya pini ikimfikia.

"Kidogo," alisema.