Mvule Mmoja wa Wamaza

Hidaya binti Kamaldine alikuwa njiani kuitwa dokteri, na baba yake, mwenye duka la sabuni na chumvi pale Kasongo, alishamtangaza hadi mlangoni mwa msikiti. Watu walipouliza atatibu nini, mzee alijibu bila aibu: "Atatibu pori."

Pori lenyewe liko Wamaza, kando ya kijito kilichoanza kukauka wapasua mbao walipomaliza mivule ya hapo. Kazi ya Hidaya ya kumaliza masomo ilikuwa kuotesha mivule mipya hapo, kisha kupeleka majani maabara wasome asili ya kila mche. Kazi ikienda sawa, profesa angempa nafasi ya kuendelea na utafiti wa udokteri. Nafasi ilikuwa moja tu, na wenzake nao waliitolea macho.

Alikaa kwa Mama Véronique, mjane mwenye mikono mipana na mdomo usiopoa. Huyu ndiye aliyeokota mbegu pamoja na wamama wa kanisa lake. Walimwagilia, wakaezeka kivuli kwa matawi ya michikichi, wakafukuza mbuzi. Miche ikatoka, kijani yake we acha tu! Hidaya hakuchoka kuisifu.

Majibu ya maabara yakaingia kwenye simu. Alisoma, akarudia. Miche yote ilikuwa imezaliwa na mvule mmoja.

"Mama, mbegu muliokota wapi?"

"Si kwa ule mvule mukubwa wa njiani! Wewe ukilima mahindi, unachunga mbegu ya wapi kwa kupanda tena? Si ya muhindi yenye kupita yote kwa uzuri?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wala si uvivu: wamama walifanya kama wanavyofanya shambani, wakachagua mti bora na kuacha mingine. Na Hidaya, aliyesomea jambo hilohilo? Aliletewa mbegu, akashukuru, hakuuliza neno. Msitu wa ndugu watupu, ugonjwa mmoja ukiingia unaweza kuumaliza wote, na wakizaana wao kwa wao uzao unadhoofika. Alilijua hilo vizuri, na aliogopa kulisema.

Angeweza kunyamaza. Majibu yalikuja kwake tu, na angeandika kwamba miche imeota, maana imeota kweli. Alizunguka kitalu akijidanganya hivyo mchana kutwa, mpaka akajichukia. Akamwandikia profesa ukweli wote. Jibu lilikuja la upole, lakini lilikuwa lilelile aliloliogopa: kazi ianze upya, na nafasi amepewa mwenzake Blaise.

Kumwambia Mama Véronique kulikuwa kugumu zaidi. Mama alisikiliza hadi mwisho, akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena.

"Ee Mungu wangu! Wamama wamebeba maji kiangazi muzima, migongo inavunjika, leo unaniambia iko bure?"

"Si yote, mama. Michache tutaiacha. Mingine itoke, tutafute mbegu kwa mivule mingi, hata ya mbali."

Mama aliinama kitaluni akaanza kuing'oa miche mwenyewe, kwa hasira, akirusha udongo, hataki kusaidiwa. Hidaya alilia palepale, hakujificha.

Jioni alipanda kilimani kunakoshika mtandao ampigie baba yake. Mama Véronique akamfuata nyuma, bado amenuna.

"Iko namna gani, dokteri wangu?" mzee aliuliza.

"Nafasi wamempa mwingine, baba. Kosa ni langu."

Mzee Kamaldine alikohoa. "Basi rudi nyumbani, mwanangu. Duka liko. Kesho natuma mtu wa pikipiki akuchukue."

Kabla Hidaya hajafungua mdomo, Mama Véronique, aliyesikia kila neno, alimpokonya simu.

"Baba Hidaya, mutoto wako ameniharibia kazi. Usitume pikipiki. Hatoki hapa mpaka atengeneze."