Nazi Juu ya Daftari

Juzi, katika ofisi moja ya Kismayu inayoandikisha wakulima watakaopewa ruzuku ya mbegu na mbolea, mbele yangu alisimama mama wa Kibajuni mwenye shamba la minazi kisiwani Fuma. Karani alisikia lafudhi yake tu, hata uso hakuinua.

"Nyinyi Wabajuni ni wavuvi, mama. Nenda dirisha la samaki."

Mama akatoa nazi kwenye pakacha, akaitua juu ya daftari la karani.

"Manangu, hii nimeivua kwa wavu au kwa ndoana?"

"Iondoe, nihudumie wengine."

"Niandike mkulima kwanza." Akavuta kiti, akaketi, mkono juu ya nazi.

Mimi foleni huzichukia. Ile ilikwama saa nzima, wala hakuna aliyemwambia ainuke. Mzee wa nyuma yangu, naye mwenye minazi, alinipa nazi yake, niiweke ya pili juu ya daftari.