Mwani Niliompa Mama Nsimire

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi kali kule Malvern, huku huku kusini mwa Afrika, mwanangu, nyumba ya pili kutoka Mtaa wa Jules, mimi nikiwa binti mbichi kutoka Tanga niliyekuja kusomea dawa pale chuoni Braamfontein. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja Mkongo wa Bukavu, Mama Nsimire, fundi cherehani. Yeye Mkristo wa kwaya, mimi Mwislamu wa ushungi, na tulikula sahani moja. Akitoka kanisani hupika bugali na sombe, kisamvu cha kwao, yenye samaki wakavu, kisha huniita kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima: "Mutoto yangu, chakula kinapoa!" Yarabi, sombe ile! Nimekula vya watu wengi tangu siku zile, wala sijapata mkono kama wake.

Kazi yangu ilikuwa mwani. Usicheke. Nilikuja na gunia la mwani wa kahawia kutoka pwani ya kwetu. Nikiusaga, nikiuloweka kwenye spiriti, kisha nikiivukiza ile spiriti mpaka kinabaki kitu cheusi cha kunata chini ya chupa. Hicho ndicho nilichokipima. Tumboni mwetu, mwanangu, mna kimeng'enya kinachouvunja wanga ukawa sukari. Ukiweza kukizuia, sukari ya mtu haitapanda kwa pupa baada ya kula. Basi wiki ile nilikitia kimeng'enya kwenye vichupa, nikakidondoshea mwani wangu, kikalala fofofo. Nikarudia mara tatu, kikalala mara tatu. Ulikishinda hata kidonge cha dukani nilichokuwa nikilinganisha nacho. Profesa akanisifu mbele ya wenzangu wote. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi siku hiyo nilikuwa mgema haswa.

Nikafika mezani kwa Mama Nsimire nimevimba kichwa. Naye alikuwa na kisukari cha miaka mingi, akijidunga sindano asubuhi na jioni. Nilipomaliza kujigamba, aliweka tonge lake chini.

"Sasa ile dawa yako, inaweza nisaidia na miye? Hizi sindano zimenichokesha."

Hapo, mwanangu, jibu lilikuwa moja tu: sijui. Neno fupi hata mtoto hulisema. Mimi nikajibu, "Mama, huu mwani unaishinda hata dawa ya hospitali." Wala sikusema uongo! Kwenye kichupa uliishinda. Ndiyo maana nakwambia uogope zaidi ule uongo wenye ukweli ndani yake, maana huo hata mwenyewe huuoni. Nikamgawia mfuko wa mwani uliobaki chumbani kwangu. Nikamwambia achemshe anywe, ni mboga ya baharini tu, haina neno. Kuhusu sindano sikusema aache, wala sikusema aendelee.

Ukapita mwezi hivi. Siku moja nafungua friji nichukue maziwa, nikaziona boksi za sindano zake zimepangwa vilevile, hazijafunguliwa. Na wiki hiyo alikuwa akichechemea. Kiatu kipya kilikuwa kimemchubua kidole cha mguu wa kulia, ule anaokanyagia cherehani, na kidonda kilikuwa hakikauki. Nikamuuliza habari ya sindano. Akacheka. "Niliacha. Mwani unanitosha. Nasikia nguvu, mutoto yangu, aksanti."

Sasa nakuomba usinikimbie kwa hili ninalotaka kukuambia, maana sijalisema kwa wengi. Nilifurahi. Nilikijua kidonda, nilizijua zile boksi, na nikasema moyoni, ngoja tuone wiki mbili. Nilitaka kuona mwani wangu utafika wapi. Mama aliyenilisha, aliyenishonea koti la baridi bila kunidai hata senti, nikamgeuza kichupa bila yeye kujua.

Hazikutimia hizo wiki mbili. Aliamka na homa, mguu umebadilika rangi, jirani akatupeleka hospitali kwa gari lake. Wakamkata mguu chini ya goti. Daktari alipomuuliza imekuwaje sukari yake ikafika kule, Mama Nsimire alitazama ukutani akasema, "Nilisahau kujidunga." Alikuwa ananificha, unaelewa? Alijua wakiutaja mwani watalitaja jina langu, na masomo yangu yataingia matatani. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, ubavuni mwa kitanda. Nikanyamaza.

Maabara yetu ilikuwa na mzee mmoja Mrundi, Mzee Bukuru, kazi yake kuosha vyombo. Kwao alikuwa mfamasia mwenye duka lake kabla vita havijamtoa, na tangu nilipoanza alikuwa akiniambia: matokeo ya kichupa ni ya kichupa, usiyatembeze mtaani. Mimi nikimwona mzee wa kuosha vyupa, ana nini cha kunifundisha? Siku hiyo nikamwendea nalia, nikamweleza kila kitu. Nilitaraji atanipoza. Akakausha mikono yake taratibu.

"Ulijua lini kwamba ameacha sindano?"

"Siku kumi zilizopita, Mzee."

"Eish. Ukikosea kwenye kichupa, mimi nakiosha, kesho unaanza upya. Yule mama nimwosheje? Nenda ukamwambie ulijua. Nenda sasa hivi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi sikusikia la mkuu, guu likavunjika la mwenzangu. Mpaka leo methali hiyo ikitajwa mbele yangu natafuta pa kuangalia.

Nikaenda. Nikamwambia Mama Nsimire nilijua, na kwamba nilingoja makusudi. Hakupiga kelele. Alinitazama hadi nikatamani anizabe kofi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kabisa: "Bamama wane wa kwaya wanakunywa ule mwani. Niliwagawia miye. Machozi yako hayatanirudishia mguu. Jumapili nenda kanisani, uwaambie."

Basi nikaenda, na ushungi wangu, kwenye lile banda walilokuwa wakisalia. Mchungaji akanipa nafasi baada ya nyimbo. Nikasema mwani niliupima kwenye vichupa tu, kwamba Mama Nsimire aliacha sindano kwa sababu ya maneno yangu, na nikajua, nikanyamaza. Nikawasihi waliokuwa wakiunywa warudi kliniki na dawa zao wasiziache. Mama mmoja akasimama. Nilimjua, alikuwa akisuka nywele pale Jules. Alisema kwa upole kabisa, "Lakini unaweza kuponya, si ndiyo?" Macho yake yalikuwa yananiomba niseme ndiyo.

Nikasema, "Sijui, mama."

"Sasa kule chuoni unasomea nini?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha uchungu. Lakini wale wanne walirudi kliniki, hata yule msusi.

Kesho yake nikamweleza Profesa. Nilisimamishwa mwaka mzima, na ilikuwa haki yangu. Mama Nsimire hakunifukuza, ila tulikaa miezi bila kula pamoja, na nyumba ilikuwa kimya mno. Alijifunza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Mishono ya mwanzo ilikwenda upogoupogo, na siku moja akanionyesha gauni: "Angalia, profesa, kitambaa kimelewa." Tukacheka mpaka tukalia. Ndipo nikajua amenisamehe. Sasa amelala kwenye makaburi ya huku huku, mbali na Bukavu yake, nami ni bibi kizee wa Rosettenville mwenye wajukuu wanaonijibu Kizulu. Namkumbuka sana, mwanangu. Nakumbuka hata ukali wake.

Na mwani? Niliufanyia kazi miaka mingi baadaye. Kwenye panya tumbo liliuharibu kabla haujafanya lolote. Mpaka leo haujawa dawa. Pengine mmoja wenu ataufikisha, na nitafurahi kuliko ndugu zake wote.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayekwenda kupima majani na mizizi na mwani wa bahari. Sikukatazi kufurahi, matokeo mazuri ni matamu, nani asiyejua. Ila siku hizi unapata jibu adhuhuri, jioni limeshafika kwenye simu ya mgonjwa Bukavu. Mgonjwa amechoka. Ukimpa nusu ya neno, yeye atalimalizia mwenyewe, na atalimalizia kwa matumaini. Mwambie umeona nini na umekiona wapi. Mwambie asiache dawa yake. Na ukimwona ameiacha, usingoje hata saa moja kutazama itakuwaje. Mheshimu pia mzee anayeosha vyupa.

Mungu akufungulie siri za mimea yake, mwanangu, akubariki mikono na macho. Na siku atakaposimama mbele yako mtu anayetamani sana kusikia ndiyo, nawe huna hakika, akupe moyo wa kumpenda kiasi cha kumwambia sijui.