Nusu ya Kichwa cha Mgombea

Kinyozi mmoja alikuwa na viti viwili. Cha kwanza, kilicho karibu na mlango, kilikuwa chake, na ngozi yake ilikuwa imechanika kwa kukaliwa. Cha pili alimnunulia binti yake mkubwa alipohitimu kazi ya kunyoa, na ngozi yake bado iling'aa kama siku ilipotoka dukani, kwa sababu hakuna mwanamume mzima aliyekikalia. Watoto wa shule, ndiyo. Wanaume waliingia, wakamwona binti amesimama na mashine mkononi, wakaketi kwenye benchi na kusema, "Namsubiri mzee."

Na wala si kwamba binti hakujua kazi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa baba yake, na baba alilisema hilo mbele za watu bila kuona haya. Wanaume wakaitikia kwa kichwa, kisha wakaendelea kusubiri. Ilimkera sana kinyozi. Nduguye naye hakukosa la kuongeza: eti umezaa wasichana watatu, kibanda utamrithisha nani? Atamrithisha nani, na mrithi yule pale anatia mashine mafuta kila asubuhi. Mtu ana macho mawili na bado haoni.

Nyumbani, mkewe akichelewa kazini, kinyozi aliosha vyombo na kuwalaza wadogo, majirani wakanong'ona kwamba amekaliwa na mkewe. Aliwajibu kwamba sahani haimuulizi mtu kama ana ndevu. Mkewe alicheka, lakini hakumwacha apumue.

"Baba watoto, kufoka unajua," alimwambia. "Ila mwanao ameniambia mwezi ukiisha anaiweka mashine chini, anakwenda kwa shangazi yake kuuza nguo. Hasira zako hazijamletea mteja hata mmoja."

Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli tupu.

Ndipo akaja mgombea. Picha zake zilikuwa zimebandikwa kila ukuta, na chini ya kila picha maneno makubwa: Mwanamke Kwanza. Siku hiyo alikuwa na mkutano kwenye uwanja uliokuwa ng'ambo ya barabara, na vipaza sauti vilishaanza kukoroma. Aliingia na vijana wake wawili wenye kofia za chama, akataka anyolewe haraka. Kinyozi alikuwa na mtu kitini. Binti alikung'uta kitambaa chake.

"Karibu huku, mheshimiwa."

Mgombea alimtazama, akatabasamu lile tabasamu la kwenye picha. "Asante, binti. Nitamsubiri mzee. Leo nina watu wengi, si siku ya kufanyia majaribio."

Kinyozi alisikia yote. Alimmaliza mteja wake, akamkalisha mgombea, akaanza kunyoa. Na yule bwana, badala ya kutulia kama watu wengine, akaanza kujikumbusha hotuba kwa sauti. "Mama zangu, dada zangu, milango yote mliyofungiwa, mimi nitaifungua." Binti yuko hatua mbili nyuma yake, mikono mitupu. Upande wa kulia ulipokwisha, kinyozi alizima mashine. Hakuwahi kuacha kichwa cha mtu njiani maisha yake yote.

"Upande uliobaki ni wa binti yangu," alisema.

"Mzee wangu, tusitaniane. Watu wananisubiri."

"Wasubiri. Sisi humu ndani tumezoea."

Kijana mmoja wa kofia akasema wataleta kinyozi mwingine. "Leteni," alijibu kinyozi. "Aje amwone mheshimiwa alivyo, na wapita njia nao waone."

Mgombea alijipapasa kichwa, akatazama mlangoni ambako watoto walishaanza kuchungulia. Akainuka, akahamia kiti cha pili. Binti alimfunga kitambaa, akamnyoa taratibu, akampangusa kwa spiriti, akampaka poda shingoni. Ukweli usemwe, upande wa kushoto ulipendeza zaidi.

Mgombea akavuka barabara, na baada ya muda sauti yake ikaja kutoka uwanjani. "Mimi ninayesimama hapa nimenyolewa leo na binti! Nilimkuta baba yake amemkalisha bure. Nikamwambia, mzee, mpe mtoto kazi. Akanisikia." Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Kinyozi alitupa taulo, akashika njia.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kumuumbua."

"Ukimuumbua, hao hawaji."

Alimwonyesha barabara. Wanaume walikuwa wanavuka kuja kwao, hotuba haijaisha hata nusu. Mbele yao alikuwa fundi viatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye tangu kiti kinunuliwe hakuwahi kukisogelea.

"Leo naanzia kwa binti," alisema huku akijikalisha. "Mheshimiwa kaamua."

Kinyozi alirudi akakaa kwenye benchi, kiti chake mwenyewe kikiwa kitupu. Alitamani kuwafukuza wote kwa ufagio. Mkono ni uleule wa jana, mashine ileile. Mzazi kasema mpaka kakauka koo, hakuna aliyejali. Kaja mwongo mmoja na kipaza sauti, sasa wanapanga foleni. Hivi mtoto wa kike mpaka adhaminiwe na mwongo ndipo aonekane ana vidole? Lakini mwezi ulikuwa unakwisha, na hawa walikuwa wateja. Akameza uchungu wake, akatazama sakafu.

Mara mashine ikanyamaza. Akainua macho. Fundi viatu alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa mweupe, upande mwingine kichaka.

"Fundi," binti alisema, polepole, ili na wa kwenye benchi wasikie. "Yule bwana alikataa kukaa hapo ulipo. Baba ndiye aliyemlazimisha, kichwa kikiwa nusu kama chako sasa hivi. Yote aliyosema huko ni uongo. Kama umekuja kwa ajili yake, jifute nywele, mlango uko wazi. Umekuja kwa nani?"

Fundi viatu alijitazama kwenye kioo, upande huu, kisha upande ule.

"Kwako, mwanangu," alisema.

"Haya, inamisha kichwa."